Mfalme Sejong na Herufi za Watu Wake

Mbali sana, upande wa mashariki wa Asia, kati ya Uchina na Japani, kuna nchi iitwayo Korea. Ni nchi ya milima mingi, na bahari imeizunguka pande tatu. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba. Wakati wa joto mvua hunyesha kwa nguvu, na watu hulima mpunga. Wakorea wana lugha yao wenyewe, wala haifanani na lugha ya Wachina. Lakini zamani hawakuwa na herufi zao. Mtu aliyetaka kuandika aliazima maandiko ya jirani.

Katika nchi hiyo alizaliwa mtoto mwaka 1397, jina lake Yi Do. Baba yake, Taejong, alipata ufalme mwaka 1400. Yi Do alikuwa mtoto wa kiume wa tatu, kwa hiyo watu hawakufikiri kwamba atatawala. Yeye alipenda vitabu kuliko michezo. Husimuliwa kwamba siku moja aliugua, naye hakuacha kusoma kitandani. Baba yake akaogopa, akaamuru vitabu vyote viondolewe chumbani. Kumbe kimoja kilisahauliwa nyuma ya pazia. Mtoto akakisoma tena na tena mpaka akapona.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa mrithi, lakini alipenda anasa akadharau kazi. Mwaka 1418 baba yao alimwondoa, akamchagua Yi Do. Mwaka uleule kijana huyo akawa mfalme, naye alikuwa na miaka 21. Alipokwisha kufa alipewa jina la heshima, Sejong. Kwa jina hilo anajulikana mpaka leo.

Sejong hakutaka kutawala kwa kukaa tu kitini. Mwaka 1420 aliwakusanya vijana wenye akili katika jumba moja la mfalme, wasome na kuchunguza mambo kwa faida ya nchi. Vitabu vya ukulima vilivyotoka Uchina vilieleza udongo wa Uchina, siyo wa Korea. Basi mfalme aliwatuma wakubwa wa majimbo kuwauliza wakulima wazee namna wanavyopanda na kuvuna. Maneno ya wazee hao yakawa kitabu mwaka 1429.

Tena hakutazama ukoo wa mtu. Jang Yeongsil alizaliwa mtumwa, lakini mikono yake ilikuwa na ufundi wa ajabu. Mfalme akampa kazi kwake, na mwaka 1434 fundi huyo akamaliza saa kubwa iliyoendeshwa na maji, yenye kupiga kengele na ngoma peke yake. Mwaka 1441 kikaanza kutumika chombo cha kupimia mvua. Hata watumwa wa serikali mfalme aliwakumbuka. Mwanamke aliyezaa alipewa siku 100 za kupumzika, na mwaka 1430 akaongezewa mwezi mmoja kabla ya kuzaa. Mwaka 1434 mume wake naye alipewa siku 30 za kumtunza.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomsumbua Sejong. Maandiko ya Kichina si kama herufi tunazojifunza shuleni. Kila neno lina alama yake, na alama hizo ni maelfu. Mtoto wa tajiri alikaa miaka mingi mbele ya mwalimu wake akizikariri. Mtoto wa mkulima alikuwa shambani, hakupata nafasi hiyo. Tena aliyezijua aliandika kwa taratibu ya Kichina, siyo kama alivyosema nyumbani kwa mama yake.

Mwaka 1428 habari mbaya ilifika mjini kwa mfalme: huko Jinju mtu amemwua baba yake. Sejong alihuzunika sana. Akaagiza kitabu cha mifano ya watoto wema, nacho kikatoka mwaka 1434. Kwa sababu watu wengi hawakujua kusoma, kila habari iliwekewa picha. Lakini picha bila maneno haisemi yote. Mkulima aliiona picha ya mtu aliyepiga magoti, asijue kwa nini amepiga magoti.

Na shida kubwa zaidi ilikuwa mahali pa hukumu. Maneno ya mshitakiwa yaliandikwa kwa alama za Kichina. Mtu maskini aliwekewa karatasi mbele yake, naye hakuweza kujua kama waliandika aliyoyasema. Alikuwa katika nchi yake, mbele ya watu wa taifa lake, lakini kwa maandiko alikuwa kama mgeni.

Basi Sejong akaanza kazi mpya. Alichunguza namna sauti zinavyotoka kinywani. Alitazama ulimi unavyogusa ufizi, midomo inavyofungwa, na koo linavyofunguka. Kisha akachora. Herufi ya sauti N inaonyesha ulimi ulioinuka kugusa juu. Herufi ya sauti M ni umbo la kinywa. Kwa sauti nyingine kama A, O na I alitumia alama tatu tu: nukta ya mbingu, mstari uliolala wa dunia, na mstari uliosimama wa mtu. Mwishoni mwa mwaka 1443 baraza lilipata habari kwamba mfalme mwenyewe amefanya herufi 28.

Wenye elimu wengi hawakufurahi. Mkubwa wao alikuwa Choe Malli, mtu aliyejulikana kwa uaminifu. Mwaka 1444 yeye na wenzake walimpelekea mfalme barua ya kumpinga. Walisema kwamba Korea imefuata desturi za Uchina tangu zamani, na taifa lenye kujifanyia maandiko yake litahesabiwa kati ya washenzi. Walisema pia kwamba Wachina husema na kuandika lugha moja, lakini hukumu za uongo kwao ni nyingi. Kwa hiyo, haki hutoka kwa mwamuzi mwema, haitoki kwa herufi. Neno hilo halikuwa la kijinga. Lakini Sejong alijua kwamba hata mwamuzi mwema hukosa, na mtu asiyeweza kusoma hawezi kumsahihisha. Akakasirika, akawatia gerezani. Kesho yake akawafungua, lakini kazi yake hakuiacha.

Siku zile macho yake yalikuwa yamedhoofika, hata kutembea gizani bila fimbo kulikuwa kugumu. Mwaka uleule alikwenda kwenye chemchemi ya Chojeong ili maji yake yamponye macho. Kazi nyingine za utawala aliwaachia wakubwa wa baraza, lakini kazi ya herufi aliichukua safarini.

Mwaka 1446 herufi zilitangazwa pamoja na kitabu cha kuzieleza. Zilipewa jina Hunminjeongeum, maana yake sauti sahihi za kuwafundisha watu. Mwanzoni mwa kitabu mfalme alieleza kwamba amewahurumia watu wenye neno la kusema wasioweza kuliandika. Kitabu kilieleza pia kwamba mwenye akili atazijua kabla asubuhi haijaisha, na mzito wa kuelewa atazijua kwa siku kumi.

Watu wadogo walizipokea upesi. Mwaka 1449 maandishi yalionekana ukutani yakimlaumu waziri mmoja kwa kazi yake mbaya. Yaliandikwa kwa herufi mpya. Mwaka uliofuata, 1450, Sejong alikufa.

Baada yake wakubwa wengi walizidharau herufi hizo, wakaziita za wanawake na watoto. Mwaka 1504 mfalme mwingine, mwenye ukali, alilaumiwa kwa barua zilizoandikwa nazo, akakataza watu kuzitumia. Lakini mama waliwaandikia binti zao walioolewa mbali, na wasimulizi waliandika hadithi. Wakristo wa kwanza wa Korea, kabla ya mwaka 1801, waliandika mafundisho ya dini kwa herufi hizo ili hata maskini wayaelewe. Ndipo mwaka 1894 serikali ikaamuru kwamba sheria ziandikwe kwa herufi za Sejong.

Kisha likaja jaribu kubwa. Tangu mwaka 1910 mpaka 1945 Wajapani walitawala Korea. Mwishoni walifukuza Kikorea shuleni, na tangu mwaka 1940 waliwalazimisha watu kujiandikisha kwa majina ya Kijapani. Mtoto aliitwa jina moja nyumbani na jina lingine shuleni. Walimu na wenye elimu walikuwa wakitengeneza kamusi ya lugha yao. Mwaka 1942 walikamatwa, karatasi zao zikachukuliwa, na wawili wakafa gerezani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, karatasi zile zilionekana katika ghala la stesheni ya Seoul. Kamusi ikachapwa.

Leo Korea imegawanyika kuwa nchi mbili, lakini pande zote mbili huandika kwa herufi za Sejong. Kati ya zile 28, watu hutumia 24. Watoto wa Wakorea waliozaliwa ugenini nao hufundishwa na wazazi wao, wapate kusoma barua ya bibi aliyebaki kwao.

Sejong alikuwa na ardhi, askari na hazina. Vyote hivyo vilipita kwa wengine. Alichowaachia watu wake hakikuweza kunyang'anywa, kwa kuwa mama maskini alikiweka kichwani mwake akampa mtoto wake.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto wa mkulima hakuweza kujifunza alama za Kichina?
2. Choe Malli alimpinga mfalme kwa sababu gani? Wewe waonaje?
3. Nani walizitunza herufi wakati wakubwa walipozidharau?
4. Mwandikie mzazi wako barua fupi kwa lugha mnayosema nyumbani.