Abu Marwan bin Zuhr, Tabibu wa Ishbilia

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeona tuwasimulie ndugu zetu khabari za mtu ambaye Wazungu walimwita Avenzoar, na wengi wetu hatulijui hata jina lake. Naye ni Abu Marwan Abdul-Malik bin Zuhr, mzaliwa wa Andalusi mwishoni mwa karne ya tano ya Hijra. Alikufa katika mji wa Ishbilia mwaka 557, sawa na mwaka 1162 wa Kizungu.

Nyumba ya Bani Zuhr ilikuwa nyumba ya elimu. Baba wa babu yake alikuwa faqihi, babu yake alikuwa tabibu, na baba yake, Abul-Alaa, alikuwa tabibu mashuhuri wa wafalme. Kwa baba huyo ndiko Abu Marwan alikosomea utibabu.

Katika zama hizo palikuwa na mas'ala iliyowagawanya matabibu tangu siku za Wayunani. Mtu akivimba koo hata pumzi zikamzibia, je, yafaa apasuliwe shingoni ili avute hewa kwa tundu hilo? Baadhi yao walisema yafaa. Wengine walikataza, wakidai kwamba gegedu la koo la hewa likikatwa haliungi tena. Abul-Qasim az-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Andalusi aliyetangulia kwa zaidi ya miaka 100, aliandika kwamba hakumwona mtu wa nchi yake aliyefanya kazi hiyo. Ila yeye mwenyewe alimshona kijakazi aliyejikata koo kwa kisu, naye akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu.

Abu Marwan aliyasoma hayo akiwa bado mwanafunzi, wala hakuridhika kufuata kauli kwa ukubwa wa jina la msemaji. Alichukua mbuzi, akampasua ngozi ya shingo na utando ulio chini yake, kisha akakata kipande cha koo la hewa kisichofika ukubwa wa punje ya turmusi, nayo ni nafaka ya jamii ya kunde. Akawa akiliosha jeraha kwa maji na asali mpaka likaunga. Mbuzi yule akapona, akaishi muda mrefu. Hivyo jambo lililobishaniwa kwa karne nyingi lilipata ushahidi wa macho, tena bila kuhatarisha roho ya mgonjwa.

Maisha yake hayakuwa ya raha tupu. Sultani wa Murabitun, Ali bin Yusuf, alimkasirikia akamfunga gerezani Marrakesh. Dola ile ilipoanguka, Abdul-Mu'min wa Muwahhidun alimtukuza. Aliandika kitabu chake kikubwa, At-Taysir, ambacho Ibn Rushd aliwaelekeza wasomaji wake wakisome. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa Venice mwaka 1490. Na elimu yake hakuwaachia wanaume peke yao: binti yake na mjukuu wake wa kike walikuwa hodari wa utibabu, wakiwatibu wanawake wa jumba la Sultani Al-Mansur.

Huenda mtu akauliza, koo la mbuzi latuhusu nini? Latuhusu kwa ajili ya watoto wetu. Koo la hewa la mtoto mchanga lina upana wa kama milimita 4 tu. Likivimba milimita 1 pande zote, robo tatu ya njia imekwisha kuzibwa. Mwaka 1825, tabibu Bretonneau wa Tours, Ufaransa, alimpasua koo mtoto wa kike aliyekabwa na dondakoo, akamwokoa. Leo wapasuaji wanafanya hivyo katika hospitali nyingi, na dondakoo lenyewe lina chanjo.

Juu ya hayo, wako miongoni mwetu ambao mtoto akikoroma na mbavu zikimwingia ndani, husema ameshikwa na jini. Huanza kutafuta hirizi na kombe, au humpeleka kwa fundi akamkate kimio kwa wembe, hata saa za kumwokoa zikapita. Ndugu zetu, dua ni silaha ya Muislamu, na mzazi amwombee mwanawe. Lakini amwombee huku yuko njiani kwenda hospitali. Kutafuta dawa ni katika mafunzo ya Mtume wetu, wala hakupingani na kumtegemea Mola.

Twapenda sana kujifakhari kwa Andalusi. Lakini Ibn Zuhr hakukaa akijifakhari kwa babu zake; aliyasoma waliyoyaandika, akayapima, akaongeza lake. Anayempenda na ampeleke mwanawe, wa kiume na wa kike, akasome elimu ya utibabu, kwani ni faradhi ya kifaya, na mji usio na mwenye kuijua, dhambi yake ni ya wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Marwan, na awahifadhi watoto wetu. Amin.