Maisha ya John Boyd Dunlop, mganga wa nyama aliyetia hewa ndani ya mpira

Wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu, jina Dunlop tunalisoma pembeni ya mipira ya magari, na wengi wanafikiri kama ni jina la kiwanda tu. Dunlop alikuwa mtu, mtu mwenye ndevu ndefu, na kazi yake haikuwa ya magari hata kidogo. Alikuwa anatunza farasi na ngombe wenye ugonjwa.

Alizaliwa tarehe 5 mwezi wa pili 1840 katika kijiji cha Dreghorn, inchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mkulima. Akasomea uganga wa nyama kule Edinburgh, akapata diploma akiwa na miaka 19 tu. (Wale wa darasa la sita wanaolalamika kama masomo ni marefu wasome mstari huu mara mbili.) Mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland, akafanya kazi mji wa Downpatrick, halafu akahamia Belfast. Mwaka 1871 alioa Margaret Stevenson, wakazaa binti na kijana. Kazi yake ikaenda vizuri sana, mpaka akawa mmoja wa waganga wa nyama wenye kazi kubwa katika Ireland yote. Basi hakuwa maskini, wala hakuwa anatafuta utajiri. Neno hili tulishike, kwa sababu linasaidia kufahamu mambo ya mbele.

Yule kijana, Johnny, alikuwa na kinga ndogo ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilikuwa za mawe, na magurudumu ya wakati ule yalivikwa mpira mgumu, mzima, usiokuwa na kitu ndani. Mwenye kupanda alitikisika mpaka meno. Mwaka 1887 Dunlop akaanza kuwaza namna ya kumpunguzia mtoto ile taabu. Akakata mviringo wa mbao. Akachukua mpira mwembamba kama karatasi, akaugundisha ukawa bomba, akauzungushia ule mviringo, akaufunga juu kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari, na akautia hewa kwa pompi ya mpira wa miguu. Ndiyo kusema vyombo vyote vilikuwa vya nyumbani. Sisi pia tunaweza kuvipata.

Halafu akafanya kile ambacho mwalimu wa fizika anatuomba kila siku, yaani kulinganisha. Ndani ya kiwanja cha nyumba yake akasukuma gurudumu la kinga ya mtoto, lile la mpira mgumu. Likaenda, likachoka, likaanguka mbele ya kufika mwisho. Akasukuma na ule mviringo wa hewa kwa nguvu ileile. Ukapita kiwanja chote, ukagonga mlango wa mwisho, ukarudi nyuma. Pale akajua kama amepata si starehe tu, lakini mbio vilevile. Kwa maana mpira mgumu ukikuta jiwe unainua kinga nzima pamoja na mtu, na ile nguvu inapotea. Mpira wa hewa unakunjika kidogo juu ya jiwe, unalimeza, unaendelea.

Mwanzo wa mwaka 1888 kinga ya Johnny ilikuwa tayari, na kijana hakungoja asubuhi. Alitoka nayo usiku, kwa mwangaza wa mwezi.

Tarehe 23 mwezi wa saba 1888 Dunlop akaandikisha breve namba 10607. Si ile breve ya masomo. Breve ya uvumbuzi ni karatasi ya serikali. Mtu aliyevumbua kitu anaeleza wazi ginsi kinavyofanyika, anachora, analipa, na serikali inaamuru kama kwa muda fulani (kwa Waingereza wakati ule miaka 14) hakuna mwingine atakayekifanya bila ruhusa yake. Lakini kuko sharti moja kali. Kitu lazima kiwe kipya. Kama mwingine alikwisha kukiandikisha mbele yako, karatasi yako haina nguvu, hata kama hukumjua mtu yule na hukumwiba kitu.

Kwanza watu walicheka ile mipira minene. Tarehe 18 mwezi wa tano 1889 kukawa mashindano ya kinga katika Queen's College, Belfast. Willie Hume, ambaye hakuwa bingwa mkubwa, akatokea juu ya mipira ya hewa. Akashinda. Wakasimamisha mbio ingine, akashinda tena. Kicheko kikaisha. Kati ya walioshindwa walikuwa watoto wa Harvey du Cros, mfanya biashara wa Dublin, na baba huyo hakukasirika, alihesabu faida. Mwaka uleule wakaanzisha kompani kule Dublin, Dunlop akatoa breve yake kwa du Cros, naye akapewa aksio 1,500 za ile kompani.

Sasa ndipo shida inaingia. Mwaka 1890 Dunlop akapata habari kama breve yake ni bure. Kumbe mwaka 1845, yeye akiwa mtoto wa miaka mitano, Mscotland mwenzake, Robert William Thomson wa Stonehaven, aliandikisha breve ya gurudumu lenye mpira wa hewa. Mwaka 1847 alikwisha kuyajaribu katika London kwenye gari la farasi, na yalikwenda vizuri. Lakini wakati ule hakukuwa motokari, kinga ya kweli ilikuwa haijazaliwa, na mpira ulikuwa bei kali. Watu wakasahau. Thomson alikufa mwaka 1873, na karatasi yake ikalala ndani ya kabati ya serikali miaka zaidi ya arobaini, mpaka ikaamka na kuangusha breve ya Dunlop.

Mimi naona sheria ilisema kweli, ijapokuwa ni uchungu. Dunlop hakuiba. Lakini Thomson alikuwa wa kwanza, na asiyekuwapo tena hawezi kujitetea isipokuwa kwa maandiko yake.

Kompani haikufa. Mpira wa Dunlop ulikuwa umegundishwa kwa ulimbo, na ukitoboka fundi alipoteza saa nyingi. Mwaka uleule 1890 Charles Welch alipata breve ya kushika mpira kwenye gurudumu kwa waya, na William Bartlett akapata yake ya namna ingine. Kompani ikanunua zote mbili, na hizo zikasimama. Katika Ufaransa ndugu wawili Michelin wakaandikisha mwaka 1891 mpira wa kutoa na kurudisha upesi. Mwaka 1895 Dunlop akaondoka katika kompani. Mwaka 1896 ikauzwa kwa pauni milioni 3, na aliyeinunua akaiuza tena kwa milioni 5. Mganga wa nyama alibaki na maisha mazuri, lakini zile milioni hazikupita mikononi mwake.

Na ule mpira wenyewe ulitoka wapi? Hapa habari ya Belfast inaingia katika inchi yetu. Tangu 1885 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II, na misitu ya Équateur, ya Mai-Ndombe na ya Kasai ilijaa kamba za mpira. Ulaya ilipoanza kupanda kinga na motokari, bei ikapanda nayo. Mwaka 1890 Kongo ilitoa tani 100 na kidogo za mpira. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6,000. Hakuna mashine iliyofanya kazi hiyo. Wanaume waliingia porini siku nyingi kukata kamba, wakapaka maji yake juu ya mwili yakauke, wakayabandua pamoja na manyoya. Kijiji kisichotimiza kilo zake kilikamatiwa wanawake, wakafungwa mpaka mpira ulete. Askari na makapita walipaswa kuonyesha kama hawakupoteza risasi, nao walileta mikono iliyokatwa. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionere Alice Seeley Harris alipiga picha ya mzee Nsala, amekaa anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo Boali. Picha za namna ile zilionyeshwa katika makanisa ya Uingereza na Marekani, na mwaka 1908 mfalme akanyanganywa Kongo, ikapewa serikali ya Ubelgiji.

Sisemi kama Dunlop alifanya ubaya huo. Yeye alitaka mtoto wake asitikisike. Lakini breve inaandika jina la mvumbuzi, mchoro na tarehe, na hakuna pahali inapoandika nani atakwenda porini kutafuta mpira. Nsala hakupata aksio.

Dunlop alikufa Dublin tarehe 23 mwezi wa kumi 1921, akiwa na miaka 81, akazikwa Deansgrange. Mpira wake mmoja wa kwanza wa kinga unatunzwa katika nyumba ya makumbusho ya Scotland, kule Edinburgh, mji ule alipopata diploma.