Philip Omondi: fundi aliyeichezea Uganda bila kufungwa na ubao wa kocha

Huku Ikoma, kuanzia Robanda mpaka Mugumu mjini, ubishi wa vijana hauishi: timu ishambulie kwa mpango wa kocha, au fundi aachiwe afanye mambo yake? Mimi nawapeleka kwa jirani, Uganda, kwa marehemu Philip Omondi. Na nyie wa Rorya msianze... jina la Kijaluo sawa, ila jezi ilikuwa ya Uganda!

Jamaa aling'aa KCC ya Kampala, timu iliyoanzishwa 1963 na wafanyakazi wa maji taka wa halmashauri ya jiji. Ndiyo, maji taka. Chini ya kocha Bidandi Ssali, huyohuyo aliyekuja kuwa waziri, KCC ikabeba ubingwa wa Uganda 1976 na 1977. Ssali alikuwa mtu wa nidhamu, Omondi mtu wa chenga. Wenzake wanakaa nafasi zao, yeye anaamua mpira ukishafika mguuni. Beki atasomaje kitu ambacho mwenyewe bado hajakiamua?

Nenda Ghana, Machi 1978, Kombe la Mataifa ya Afrika, timu 8 tu. Uganda wakaipiga Kongo 3-1, wakachapwa na Tunisia 3-1, halafu wakaibamiza Morocco 3-0 na kuongoza kundi. Nusu fainali wakaitoa Nigeria 2-1, na Omondi akatupia. Fainali Accra wakalala 2-0, mabao yote ya Opoku Afriyie. Omondi, Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria wakamaliza wafungaji bora, kila mmoja mabao 3.

Huku kwetu wazee hawamsimulii sana, na sishangai. Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Nani angekaa kijiweni amsifie Mganda?

Sasa nisikilizeni. Mdogo wangu amewekwa benchi msimu mzima kisa anapiga chenga. Kocha wake (simtaji) anataka pasi mbili mpira uondoke, basi. Timu inacheza kwa adabu kweli, na kufunga haifungi. Sisemi mpango ni mbaya, jamani. Bila wenzake kukaba, Omondi angepoteza mpira mara tatu na kocha angemtoa. Lakini ukiwa na kijana mmoja wa aina hiyo, panga wale kumi wengine wamzunguke yeye. Kumpunguza afanane nao ni kujinyima mabao.

Baadaye Omondi akaenda kula maisha Sharjah, Uarabuni, akarudi tena KCC. Alifariki 1999. Uganda ilikuja kucheza tena fainali za Afrika 2017, miaka 39 baada ya ile ya Accra.