King Camp Gillette na Wembe wa Kutupwa

Kabla ya King Camp Gillette, wembe ulirithiwa. Mtu aliunoa kwa jiwe na mkanda wa ngozi, akautumia miaka na mikaka, kisha akamwachia mwanawe. Aliyeyakatiza mazoea hayo alizaliwa Fond du Lac, Wisconsin, tarehe 5 Januari 1855, akalelewa Chicago, ambako moto mkuu wa 1871 uliteketeza mali ya wazazi wake. Akaingia katika uchuuzi wa kusafiri.

Miongoni mwa waajiri wake alikuwamo William Painter, mvumbuzi wa kile kizibo cha bati tunachokibandua kwenye chupa ya soda na kukitupa. Painter alimshauri abuni kitu cha aina hiyo: mteja akitumie, akitupe, arudi dukani. Mnamo 1895, akijinyoa kwa wembe butu, Gillette alilipata jibu: kipande chembamba cha chuma kisichostahili kunolewa. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyelifanikisha wazo hilo. Mwaka wa 1903 ziliuzwa seti 51 tu. Mwaka uliofuata zilizidi 90,000.

Siri haikuwa makali pekee, bali saikolojia ya mnunuzi. Seti ililipiwa dola 5 mara moja. Aliyekwisha kuzitoa hakutaka zipotee bure, akaendelea kununua nyembe. Matangazo nayo yalimshawishi kwamba kunoa ni kupoteza wakati. Kutupa kukageuka ustaarabu. Kabati za bafuni huko Marekani zikatobolewa mwanya ili nyembe zilizotumika zidondoke ndani ya ukuta. Taka haikuzolewa, ilifichwa.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla ya wazo lake, Gillette alikuwa amechapisha The Human Drift, kitabu kilichoulaani ushindani wa kibiashara kuwa chanzo cha ubadhirifu, kikapendekeza jiji moja kubwa karibu na maporomoko ya Niagara, na uzalishaji wote chini ya kampuni moja ya umma. Ni rahisi kumwita mnafiki. Mimi simwoni hivyo, kwani hata baada ya kutajirika, mnamo 1910, alikuwa tayari kumlipa Theodore Roosevelt dola milioni moja aiongoze kampuni ya namna hiyo. Roosevelt alikataa. Nadhani Gillette hakuwahi kuuhesabu wembe wake mwenyewe katika ubadhirifu huo.

Alifariki Los Angeles tarehe 9 Julai 1932, utajiri wake ukiwa umeyoyoma. Kwetu, wembe wa namna yake ulifika bila ule mwanya wa ukutani: uliposhindwa na ndevu ulikata kucha, ukafumua nyuzi, ukachonga penseli za wanafunzi hadi ukaota kutu.