Koitalel na Njama ya Amani

Reli iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901 kwa kupitia Fort Ternan ilipenya ukingoni mwa nchi ya Wanandi bila idhini yao. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyerithi cheo cha babake Kimnyole, aliongoza upinzani. Vijana wake waling'oa vyuma vya reli na kukata nyaya za simu. Serikali ikajibu kwa bunduki. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Akapigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen, pamoja na wenzake kadhaa. Watu wake wakahamishwa kutoka Tinderet. Walowezi wakaitwaa ardhi. Ndugu msomaji, vita huanzishwa na tamaa, lakini usaliti ndio unaovirefusha mioyoni.