Jane Addams na Nyumba ya Halsted Street

Mhariri ameniomba safari hii niandike juu ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Nimemchagua mwanamke wa Marekani ambaye sisi hatukumsoma katika Historia, Jane Addams. Sababu yangu ni ya kikazi. Mimi ni mtumishi wa Serikali, nami naona jinsi msomi anavyoweza kushughulikia mtaa mwaka mzima kwenye mafaili bila kuukanyaga. Mama huyu alihamia huko.

Alizaliwa Cedarville, jimbo la Illinois, mwaka 1860. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka miwili tu. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na dhiki. Jane alimaliza masomo Rockford mwaka 1881, na mwaka huo huo baba yake akafariki. Akaanza kusomea udaktari Philadelphia, lakini maradhi ya mgongo yakamkatisha. Ikapita miaka kadhaa ana elimu, ana na urithi, ila hajui afanye nini. Ninyi mlio kidato cha mwisho mtaijua hali hiyo, pengine bila ule urithi.

Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall, mashariki ya London, ambako vijana waliotoka vyuo vikuu waliishi katikati ya watu maskini. Aliporudi, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr walipata jumba la zamani la tajiri Charles Hull, katika Halsted Street, Chicago, wakahamia Septemba 1889. Jumba hilo likaitwa Hull House. Majirani walikuwa wahamiaji: Wataliani, Wagiriki, Wajerumani, Wayahudi kutoka Urusi. Wengi walishona nguo kwa ujira mdogo, na watoto wao vile vile.

Mabibi hawa walianza kwa kusoma vitabu na kuonyesha picha. Majirani walikuja, ila wakaja na shida zao. Akina mama waendao kazini hawakuwa na pa kuacha watoto. Basi ikafunguliwa shule ya watoto wadogo na mahali pa kuwalea, kisha mabafu na uwanja wa michezo. Lilijengwa hata jiko la kuuza chakula bora kilichopimwa kitaalamu. Majirani hawakukipenda, kila mtu alitaka chakula cha kwao! Wataalamu wa lishe wa kwetu wangefaa kukisikia kisa hiki.

Halafu taka. Mikataba ya kuzoa taka iligawiwa kwa upendeleo, na mitaa ilinuka. Mwaka 1895 Jane aliomba zabuni hiyo, akakataliwa. Badala yake Meya akamteua kuwa mkaguzi wa taka wa kata, kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka. Aliamka alfajiri kuyafuata magari ya taka. Katika uchochoro mmoja iligunduliwa barabara iliyotandazwa mawe, imefukiwa inchi 18 chini ya uchafu.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilikuwa ya sheria. Mkazi mmoja wa nyumba hiyo, Florence Kelley, alichunguza vyumba vya kushonea, na mwaka 1893 Illinois ikapiga marufuku kuajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14. Sheria hiyo iliwawekea pia wanawake saa nane za kazi kwa siku, lakini mwaka 1895 mahakama ikakifuta kifungu hicho. Mwaka 1899 Chicago ikapata mahakama ya watoto, ya kwanza Marekani.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Jane aliipinga vita, na magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakamtukana. Mwaka 1931 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki Mei 1935.

Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya majengo ilibomolewa kupisha chuo kikuu. Jumba la Hull limebaki makumbusho. Chama kilichoendeleza huduma kwa familia katika mitaa mingine kilikuja kutegemea mno fedha za serikali. Zilipopungua, kikafunga milango Januari 2012.