Erik von Willebrand, daktari aliyefuata damu ya jamaa moja kisiwani

Mwaka wa 1924, mtoto wa kike wa miaka 5 alifikishwa kwenye hospitali ya Diakonia mjini Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Alitoka Föglö, moja ya visiwa vya Åland, kati ya Ufini na Uswidi. Alipokuwa na miaka 3 alikuwa amejikata mdomo, damu ikatoka kwa siku tatu, na nusura afe. Nyumbani kwao kilio hicho hakikuwa kigeni: dada zake kadhaa walikuwa wamekwisha kufa wakiwa wadogo, wote kwa kutokwa na damu.

Daktari aliyempokea alikuwa Erik Adolf von Willebrand. Wakati huo alikuwa na miaka 54 na ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa hospitali hiyo. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1870 mjini Vaasa, baba yake akiwa mhandisi. Alisomea udaktari Helsinki, na mwaka wa 1899 aliandika tasnifu yake juu ya namna damu inavyobadilika baada ya mtu kupoteza damu nyingi. Kwa hiyo mambo ya damu aliyajua. Visiwa vya Åland pia alivijua, kwani alipokuwa kijana alifanya kazi huko majira ya joto mawili, 1894 na 1895, katika mji wa Mariehamn.

Madaktari wa wakati ule, wakiona mtu anatokwa na damu bila kukoma, walifikiri mara moja hemofilia. Lakini hemofilia kwa kawaida hushika watoto wa kiume. Mama huibeba tu na kuipitisha. Huyu alikuwa msichana. Tena damu haikuingia hasa ndani ya viungo kama kwa wenye hemofilia, bali mara nyingi ilitoka puani, kwenye ufizi na kwenye jeraha dogo la ngozi. Chembe zinazosaidia damu kuganda zilikuwa za kutosha zilipohesabiwa. Hata hivyo, alipochomwa kidogo ili kupima, damu ilichelewa mno kukatika.

Daktari mwingine angeandika dawa na kumaliza. Von Willebrand aliuliza juu ya wazazi, kisha babu na bibi, wajomba, mashangazi na watoto wao. Akachora mti wa ukoo, kila mtu mahali pake: huyu alitokwa na damu, huyu hapana, huyu alikufa akijifungua. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, na kwenye kisiwa ilifaa sana. Watu wa Föglö walikaa pamoja vizazi vingi, wakaoana majirani, na wakajuana kwa majina mpaka kwa mababu. Kati ya watu 66 wa jamaa hiyo, alihesabu 23 wenye tatizo la damu, wengi wao wanawake.

Mwaka wa 1926 alichapisha matokeo yake kwa Kiswidi, lugha yake na lugha ya wakaaji wa Åland. Ugonjwa aliuita hemofilia ya bandia inayorithiwa. Alionyesha kwamba mzazi mmoja mwenye ugonjwa anatosha kuupitisha, na kwamba unashika wanaume kwa wanawake. Leo tunaelewa kwa nini wanawake walionekana zaidi: wao wana damu ya mwezi na uzazi, na hapo ugonjwa hauwezi kujificha. Yule mtoto aliyeanzisha yote alifariki akiwa na miaka 13, alipopata damu ya mwezi mara ya nne.

Je, kosa lenyewe lilikuwa wapi? Hapo von Willebrand hakufika. Alifikiri chembe za kugandisha damu hazifanyi kazi vizuri, na kuta za mishipa zina hitilafu. Alifanya utafiti zaidi na Mjerumani Rudolf Jürgens, wakachapisha pamoja mwaka wa 1933, lakini walibaki palepale. Vifaa vya kuonyesha zaidi havikuwepo. Mti wa ukoo, ambao ni karatasi na kalamu tu, ndio uliodumu.

Hakuwa mtu wa damu peke yake. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza wa Ufini kutumia insulini kwa wagonjwa wa sukari, na alipenda kutembea porini. Alikufa tarehe 12 Septemba 1949, akiwa na miaka 79.

Miaka minane baadaye, mwaka wa 1957, Inga Marie Nilsson na Margareta Blombäck wa Uswidi walikwenda Åland na wenzao kuwapima watu wa jamaa ileile. Waligundua kwamba kinachokosekana kipo ndani ya majimaji ya damu, siyo ndani ya chembe. Mgonjwa akiwekewa sehemu ya majimaji hayo kutoka kwa mtu mzima, damu yake inakatika. Kitu hicho ni protini inayonatisha chembe kwenye jeraha, na sasa inabeba jina la von Willebrand, kama ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huo ndio unaoongoza duniani kati ya magonjwa ya kurithi ya kutokwa na damu. Tusiuchanganye na ule wa SS unaojulikana sana hapa Kongo: SS inaharibu umbo la chembe nyekundu, nayo inahitaji kutoka kwa wazazi wote wawili.

Katika miaka ya 1990 jeni ya jamaa ya Föglö ilisomwa. Ilikosa herufi moja tu.